Gari la Kumshushia Mama

Jina la Bi Grisi halikutoka kwa wazazi wake. Alipewa na wapakiaji wa mawe kwenye machimbo ya kokoto, alikoendesha lori miaka mingi. Wenzake walipokwenda kunywa chai, yeye alibaki chini ya gari akilitia grisi, nao wakamcheka mpaka wakachoka. Malori yao yalilala njiani, lake likapita likipiga honi. Jina likamganda, na siku alipoacha kazi aliondoka nalo, pamoja na mgongo wa kuuma asubuhi na kichwa kilichojaa uhakika. Uhakika wenyewe ulikuwa wa kutosha kugawia mtaa mzima na ukabaki.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa sauti ndogo na mkasi mkubwa. Yeye alishonea katika chumba cha mbele, mkewe akafungua vyuma uani. Mbele nyumba ilinukia kitambaa kipya na pasi ya moto, nyuma ilinukia dizeli, na jikoni harufu hizo mbili zilikutana zikasikilizana, kama wenye nyumba. Wateja wapya walishangaa kumwona mama mwenye mikono myeusi mpaka viwikoni akipita katikati ya suruali zilizopigwa pasi. Wale wa zamani walizivuta tu suruali zao pembeni.

Uani, juu ya mawe manne, lilikaa gari ambalo halikuwa bado gari. Lilianza na fremu ya pikapu iliyozeeka, ikiwa na injini yake na giaboksi yake. Vingine vyote Bi Grisi aliviokota kwa muuza vyuma chakavu, kimoja huku, kingine kule, kama mtu anayechagua nyanya.

Alikuwa akilijenga kwa ajili ya mama yake.

Mama aliishi juu ya mlima, katika nyumba aliyojengewa alipoolewa, na hakuna aliyeweza kumhamisha. Barabara ya kwenda huko ilikuwa udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi ilipitika kwa shida. Mvua ikinyesha ilikuwa sabuni tupu, na magari ya watu, hata yale yanayosifiwa, yaliishia chini. Masika iliyopita Mama alipata kidonda mguuni, kikavimba, na wanawe wakambeba kwenye kitanda mabegani, wakamfunika blanketi kwa sababu ya manyunyu. Njiani watu wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Mwanamke mmoja mwenye duka akaanza kulia kwa sauti. Mama akafunua blanketi, akamwuliza, "Unamlilia nani?" Mwanamke yule alikimbilia ndani akafunga mlango.

Wanawe wanacheka mpaka leo. Mama hakucheka. Kofia zile zilimwingia moyoni. Alipopona akaapa mbele yao wote, "Nitabebwa vile mara moja tu tena, na siku hiyo sitakuwa na habari." Sasa kidonda kilikuwa kimeanza tena, mawingu yalikuwa yamekaribia, na Mama hakuwa mtu wa kuvunja kiapo chake. Bi Grisi alimjua vizuri, maana kichwa hicho ndicho alichorithi.

Kwa hiyo akajenga. Kupanda sabuni kunataka matairi yote manne yasukume, si mawili. Alipata difu mbili, zile bakuli za meno zinazozungusha magurudumu, ya mbele na ya nyuma, kutoka lori la kubebea magogo lililokufa zamani. Kutoka lori jingine kabisa akapata transfa, lile boksi la chuma linalopokea nguvu ya giaboksi na kuigawa, nusu mbele, nusu nyuma. Vyuma vya kuvishikilia fundi cherehani ndiye aliyevikatia ramani, kwenye karatasi za kahawia anazokatia makoti. Aliingia chini ya gari na futi yake ya kitambaa, akapima, akachora kwa chaki, na mchomeleaji wa jirani akakata chuma kufuata karatasi. Kila kipande kilitoka kikubwa kidogo.

"Baba watoto, mbona vyote vinazidi?"

"Nimeacha upindo," akasema mumewe. "Mazoea. Ila afadhali hivyo. Nguo ikibana nitaifumua. Chuma kikipunguka utakifumua wewe?"

Vikasagwa kidogo pembeni, vikakaa kama vilizaliwa hapo.

Siku ya kulijaribu, majirani walijaa ukutani bila kualikwa. Mchomeleaji alileta kiti chake. Bi Grisi akapanda, akawasha, injini ikaitika mara moja. Akatia gia ya kwanza, akaangalia mbele kwenye geti lililofunguliwa, akaachia krachi kwa madaha.

Gari likaenda nyuma.

Halikuteleza, lilikwenda kwa nguvu zake zote nne, likachukua kamba ya nguo pamoja na suruali za wateja, likagusa ukuta na kusimama. Bi Grisi akatazama gia. Ilikuwa ya kwanza. Akajaribu ya pili, likausukuma ukuta. Ukutani mtu akapiga kelele, "Gari limesikia habari za mlima!" Watu wakavunjika mbavu. Basi akatia rivasi, na gari likanyanyuka taratibu, likaenda mbele, suruali ya bwana harusi ikining'inia kwenye bampa ya nyuma.

Akazima. Alikaa mikono juu ya usukani, na hakuhitaji kuambiwa. Transfa ile, kwa jinsi meno yake yalivyopangwa, ilipokea mzunguko wa kulia ikatoa wa kushoto. Kwenye lori lake la asili haikuwa kosa, maana difu za lori lile zilitengenezwa zikilijua hilo. Difu za lori la magogo hazikujua. Kuzungusha shafti kwa mkono kabla ya kufunga kungemwonyesha yote. Lakini kuzungusha kwa mkono, kwa maoni ya Bi Grisi, ni kazi ya wanafunzi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda mpaka masikioni.

"Kuna nini?" mumewe akauliza, akikusanya suruali.

"Ni kama kushona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto."

"Mmoja au yote miwili?"

"Yote miwili."

Fundi akafumba macho kwa huruma. Alijua maana ya kufumua koti lililokwisha kutiwa bitana. Difu zote mbili zingefunguliwa, gurudumu la meno la kila moja lihamishiwe upande wa pili, na nafasi ya meno ipimwe upya. Kazi ya haraka haiwezekani hapo. Ukiharakisha, meno yanasagana.

Kabla hajashuka kwenye gari, simu ikalia. Ilikuwa kaka yake mkubwa, aliyekaa karibu na Mama.

"Mvua imeanza huku, dada. Muuguzi amekuja, mguu umebadilika rangi. Anasema kesho awe hospitali. Akichelewa, mguu utakatwa. Na mwenyewe kitanda hataki hata kukiona."

"Mwambie nakuja."

"Nimeshaita wanaume. Tutambeba, atake asitake."

"Kaka, msimguse. Nakuja asubuhi na gari."

Kaka akacheka bila furaha. "Wanasema penye nia pana njia. Nia unayo, dada. Njia ndiyo hakuna."

Simu ikakatika. Bi Grisi akalitazama gari lake kwa muda, halafu uso ukaanza kumfunguka. Mumewe aliijua sura ile, akaweka suruali chini.

"Hapana," akasema kabla hajaambiwa.

"Rivasi ina nguvu kuliko hata gia ya kwanza. Haina mbio, lakini ina kifua. Na mlima ule nani anautaka kwa mbio?"

"Mke wangu, unataka kwenda kwa mama mkwe wangu kwa rivasi?"

"Nitakwenda mbele. Gia ndiyo itakayodhani inarudi."

Asubuhi iliyofuata waliondoka, fundi akiwa na mwavuli na Bi Grisi akiwa na gia moja. Baiskeli ziliwapita. Mama mmoja aliyejitwika ndoo aliwapita, akageuka akawapa pole. Injini ililia kwa sauti ya juu, gari likatambaa, na Bi Grisi akasalimia kila aliyewapita kana kwamba mwendo ule ameuchagua. Chini ya mlima magari mawili yalikuwa yamezama, madereva wao wakiwa wamekaa juu ya maboneti. Mmoja akainua mkono kumzuia. Bi Grisi naye akampungia.

Kisha sabuni ikaanza. Gari liliinama kushoto, likatafuta, tairi moja la mbele likazunguka bure, na mengine matatu yakauma udongo. Fundi alishika dashibodi kwa mikono miwili na kusema maneno ambayo watu husema kanisani na msikitini. Bi Grisi hakuongeza mafuta wala hakupunguza. Alilisikiliza. Lilipanda polepole, kona kwa kona, matope yakipanda mpaka kwenye vioo, na hakuna mahali liliposimama.

Uwanjani kwa Mama wanaume walikuwa wamesimama na kitanda tayari. Kaka alipoliona gari likichomoza kichwa mbele, mdomo ulibaki wazi. Baadaye akaushika mguu mmoja wa kitanda akakirudisha ndani peke yake.

Mama alikuwa amekaa mlangoni na gauni la buluu, lile zuri kuliko yote, aliloshonewa na mkwewe.

"Umechelewa," akasema.

Alikaa kiti cha mbele. Fundi akahamia nyuma kwenye mvua na mwavuli wake. Waliposhuka na kufika kwenye duka, Mama akafungua kioo.

"Punguza mwendo."

"Mama, hakuna mwendo wa kupunguza."

Watu walikuwa wamejikinga mvua barazani, na baadhi yao walikuwa walewale. Mama akatoa kichwa nje chote, akawasalimia mmoja mmoja, akauliza habari za watoto. Alipomwona mwenye duka, sauti ilimpanda. "Wewe uliyenililia! Nipo! Futa machozi!" Baraza zima liliangua kicheko, na mwenye duka akacheka kuliko wote huku akijificha uso.

Hospitalini daktari alisafisha kidonda, akasema wamewahi, mguu utabaki. Mama akalazwa siku chache. Bi Grisi alikaa kando ya kitanda akiwa amerudiwa na uhakika wake wote, akimweleza jinsi alivyojua tangu mwanzo kwamba gari litapanda. Mama alimwacha amalize.

"Mimi sikujua," akasema. "Kaka yako aliponiambia unakuja na gari, sikuamini. Nilisikia wanaume wanafika nikajua leo watanifunga kitandani na kunibeba. Ndiyo maana nikavaa gauni hili. Nikasema, wakivua kofia, basi angalau wamwone mtu aliyependeza."

Machozi yalimtoka Bi Grisi, akayafuta kwa kiganja, akajipaka grisi shavuni.

Mama akaupapasa mkono wake mweusi. "Nikiruhusiwa, unipandishe wewe," akasema. "Na ile gia usiibadilishe kwanza."