Gauni la Tecla

Nicholas, mtoto wa mwisho wa marehemu ndugu yangu, hajui kuongea mbele ya watu. Anachuma majani chai, anakamua, analala. Zamani mtu wa namna hiyo hakuhitaji maneno. Kitinda mimba alibaki na nyumba ya mama na ng'ombe wa mama, na hakuna aliyeitisha mkutano. Siku hizi watu hawajakung'uta udongo wa kaburi, tayari wanapanga viti.

Wiki mbili baada ya kumzika mama yao, Tecla, kaka mkubwa wa Nicholas, Aron, alikuja kutoka Londiani akiwa na Omosa, mnunuzi wa ng'ombe.

"Chelel amekataa kutoa maziwa tangu mama afariki," Aron alisema. "Tumuuze, tugawane."

"Na akitoa leo?" Nicholas aliuliza.

"Akijaza jagi, abaki nawe."

Nicholas aliingia ndani. Alitoka amevaa gauni la mama yake, sweta yake, kitambaa chake kichwani na gambuti. Ndevu zilibaki zake. Dada yao Cherotich aliketi kwenye nyasi kwa kicheko.

"Sasa kamba nimfunge nani," Omosa aliuliza, "ng'ombe au mama?"

Chelel alinusa sweta, akatulia. Nicholas akavuta chuchu. Hata tone.

"Mama hakuwa anakamua kimya," Cherotich alisema, akijifuta machozi. "Alikuwa anatugombeza."

Ni kweli. Tecla aligombeza watoto wake kila asubuhi, mmoja mmoja, hata waliokwisha kuhama. Wazazi wa sasa ndio wanaoomba watoto msamaha.

Nicholas alikohoa. Kisha, kwa sauti nyembamba ya mama yake, yule asiyejua kuongea akaanza:

"Cherotich, nani alikufundisha kufagia, kuku? Na wewe Aron, mwalimu mzima, nani amemaliza mursik ya wageni? Unadhani sioni hayo masharubu ya maziwa? Futa mdomo."

Maziwa yakaanza kulia ndani ya jagi.

Aron alifuta mdomo. Mtu wa miaka hamsini.

"Ndiyo, mama," alisema, akaegemea uzio kando yangu, akacheka mpaka akalia.

Jagi lilijaa, likamwagika. Omosa alikunja kamba yake.

"Endelea," Aron alimwambia ndugu yake. "Hujafika ile ya baiskeli."

Nicholas alikaza kitambaa kichwani.

"Ngoja kwanza. Na wewe shemeji hapo kwenye uzio, umekuja kuomboleza au kungoja chai?"

Nilivua kofia.

"Yote mawili, Tecla," nikasema.