Moyo Niliousikia Bashay

Wengine watasema nilikuwa nimechoka na kazi, au vifaa vilikuwa vibovu. Waseme. Mimi nilikuwepo, na haya masikio yangu ndiyo yaliyosikia.

Mimi ni muuguzi na mkunga. Wakati huo nilikuwa kwenye zahanati ndogo huku Bashay, pamoja na mhudumu wetu Martina, binti mcheshi mwenye mimba yake ya kwanza, kubwa tayari. Mtoto wake alikuwa anacheza mno. Martina anafagia, mara anasimama, anaita, "Dada, njoo uone anavyonipiga mateke!"

Alasiri hiyo ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Wagonjwa walikuwa wamekwisha. Akaingia bibi mmoja, peke yake, amejitanda shuka. Nje kila kitu kinadondosha maji, shuka lake kavu kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipime."

"Unaumwa nini?"

"Wewe nipime tu."

Nikamweka themometa kwapani. Ikashindwa kusoma, joto lilikuwa chini mno. Nikaweka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, kama tulivyofundishwa. Hakuna kitu. Nikahamia shingoni. Hakuna. Sasa, pumzi za mgonjwa huwa tunazihesabu kwa siri, maana akijua anatazamwa anabadilisha anavyopumua. Nikajifanya bado nashika mkono, kumbe macho yako kifuani kwake. Niamini, kifua hakikupanda. Kilipanda pale tu alipotaka kusema. Nikambonyeza ukucha ukawa mweupe, nikaachia, ukabaki mweupe, damu haikurudi. Nikamfunga kipimo cha presha, nikajaza upepo, nikasikiliza huku naachia taratibu. Kimya, kama nasikiliza ukuta.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilimfungua kipimo, nikajifanya naandika.

Martina akaingia na ndoo, akaiweka chini, akamwamkia. Bibi akalitazama lile tumbo na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hongera, mwanangu. Anacheza?"

"Sana, bibi!"

Kabla sijafungua mdomo, bibi alishaweka kiganja juu ya tumbo. Akakiacha pale, kama mtu anayeota moto.

"Bibi, mkono wako una baridi!" Martina akacheka.

Bibi akanigeukia. "Sasa nipime tena."

Akaikamata stethoskopu mwenyewe, akaibandika kifuani kwake. Nikasikia moyo. Lakini si wa mtu mzima. Ulikuwa mwepesi, unakimbia mbio mbio. Wakunga wenzangu mnaujua mlio ule. Tunausikiliza kila siku kliniki, ndani ya matumbo ya mama zao.

"Uko vizuri?" akauliza. Akajitanda shuka lake, mashavu yamepata uhai, akatoka. Nilipofika mlangoni niliona ukungu tu.

"Dada," Martina akasema nyuma yangu, "mbona ametulia?"

Nikamlaza kitandani. Nikasikiliza upande huu, nikasikiliza upande ule, nikarudia. Yeye ananitazama usoni, anangoja nitabasamu.

Hospitali tuliyompeleka walimsaidia kumzaa. Wa kiume, amekamilika, hana hata alama, ila hana uhai. Daktari akasema hutokea.

Nilimweleza Martina yote niliyoyaona. Mumewe aliniita mchawi, akamhamishia Dongobesh. Mpaka leo hajapata mimba nyingine. Yeye hanilaumu, na afadhali angenilaumu. Kila akija kusalimia kwao Bashay ananifuata zahanati, anakaa kwenye benchi, ananiambia, "Dada, wewe ndiye uliyemsikia mwisho. Hebu nigongee moyo wake ulivyokuwa." Nami nagonga meza kwa kidole, haraka haraka, yeye amefumba macho. Nimemwambia nitagonga mpaka aseme basi. Hajawahi kusema basi. Huwa naacha kidole kikishauma.

Kwa hiyo wewe unayevaa sare, nisikilize. Ukimpima mtu ukakosa mapigo, naye anaongea na wewe, usihangaike kumpima mara ya pili. Toa watu chumbani kwanza. Mwenye mimba awe wa kwanza kutoka.