Karatasi Aliyoinywa Mama

Mama yangu, Mwaija, alikunywa uhuru wake. Sitanii. Tulipotoka Unguja kuja Bagamoyo, aliitumbukiza karatasi ya uhuru aliyopewa na balozi wa Kiingereza katika bakuli la maji, kama mgonjwa anavyooshewa kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa wino ili anywe. Wino ulipotoka akanywa, akanibakizia mafunda mawili.

"Sasa umo ndani," akasema, "hakuna wa kuutoa."

Karatasi yenyewe akaianika, akaishona katika hirizi ya shingoni.

Mama husuka mikeka. Miaka mitatu alisuka kwa amani. Kisha asubuhi moja akatokea Mbaruku wa Saadani, mtoto wa yule aliyekuwa bwana wake utumwani kabla hatujafika Unguja. Hakupiga hodi.

"Mwaija! Shamba limejaa magugu, nawe umekaa kivulini?"

"Nina karatasi, bwana." Akaiweka chini miyaa ya kusukia.

"Nionyeshe."

Akatuswaga hadi dukani kwa Rajabali, Mhindi aliyesoma Kiingereza Bombay. Mama akaipasua hirizi kwa meno. Rajabali akaikunjua karatasi. Nilikuwa namtazama usoni. Nikaona amebadilika.

"Neno hili lipo," akasema, akigusa herufi nne kubwa. "Husomwa 'fri'. Maana yake huru."

"Si ndilo mnalosema ninyi wenye maduka mkigawa kitu bure?" Mbaruku akacheka. "Basi namchukua bure."

"Ndilo. Lakini mwalimu wangu alisema asili yake ni nyingine. Wazee wao walimwita hivyo mtu mpendwa. Nyumbani waliopendwa walikuwa ndugu wa damu, waliobaki ni watumwa. Ndipo mpendwa akawa ndiye huru."

"Saadani hakunipenda mtu," Mama akanong'ona.

"Na jina lake liko wapi?" Mbaruku akauliza.

Rajabali akaigeuza karatasi huku na huku. Maneno ya chapa yalibaki. Jina, lililoandikwa kwa kalamu, halikuwapo.

"Nililinywa," Mama akasema.

Mbaruku akacheka mpaka akajifuta macho, kisha akamkamata mkono. "Twende ukalitapike shambani!"

Mama alinitazama tu. Mimi si msemaji, na chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikaa miezi minne tu. Lakini nilisikia sauti ikinitoka.

"Zile alama za chapa pale juu ya karatasi hazikufutika. Siku tuliyopewa, karani wa balozi alizinakili katika daftari kubwa, ubavuni mwa jina la Mama. Nilimwona. Na jina langu chini yake."

"Nambari," Rajabali akasema, taratibu. "Daftari liko Unguja, Mbaruku. Na balozi humtafuta kila amshikaye mtu wa daftari lile."

Vidole vya Mbaruku vikalegea kimoja kimoja. "Nitakwenda kuuliza. Ole wenu majina yenu yasipokuwamo!"

Hajarudi. Miezi sita imepita. Mama ameshona hirizi mpya, na lile bakuli halitumii tena. Hodi ikipigwa hujishika shingo kwanza, mimi nikachungulia. Na sasa Wadachi kutoka Ujerumani wamepandisha bendera yao hapa mjini, wala hatujui kama wao wanalitambua daftari la Waingereza.