Oswin Ndiye Aliyetaka Tupunguze Kelele

Jamani, akili yangu imegoma. Bado nimeshika simu nasubiri Oswin anijibu.

Saa tatu asubuhi mkewe amenipigia. "Shangazi, Oswin ametuacha." Nikamwambia mpe simu aniambie mwenyewe. Kweli nilisema hivyo! Maana Oswin kwa utani nilikuwa simuwezi.

Kaanguka shambani kwake Kingerikiti, anageuza kahawa kwenye vichanja. Kasema kifua kinambana, akakaa chini, basi. Mtu wa miaka arobaini na moja. Mwezi uliopita tu nilimwona anabeba spika mbili peke yake.

Kwa msiotujua, Oswin ndiye gitaa la Kahawa Chungu, bendi yetu ya blues na rock hapa Mbinga. Mimi ndiye yule dada anayeimba. Miaka kumi na moja tuko pamoja. Aliniita shangazi kwa ajili ya ukoo, lakini kwa umri alinizidi miaka sita, na kila tulipofika mahali alitangaza, "Mwamkieni shangazi yangu!" Wazee wakawa wananiangalia, mimi sina pa kujificha.

Mazoezi ya kwanza tulifanyia kwenye banda la mashine ya kumenyea kahawa. Spika yake ilikuwa imechanika, akaiziba kwa kiraka cha tairi la baiskeli. Ndipo ukatoka ule mlio mchafu mnaoujua. Mama jirani akaja juu, "Nyie, kuku wangu wameacha kutaga!" Oswin akampa shikamoo ya heshima zote, na kesho yake akampelekea trei ya mayai.

Halafu ile shoo ya ufukweni Mbamba Bay. Kina mama waliacha usipa, dagaa wao wa ziwani, juani wakaja kucheza, vijana wanapiga mayowe, "Kelele! Kelele!" Jina lake la Bwana Kelele lilianzia pale. Hakulipenda hata siku moja, leo nawaambia.

Sasa nisikilizeni, maana tangu saa nne nasoma comments zenu. "Dada ulimnyamazisha Ozi." "Ulitaka isikike sauti yako tu, umemuua kwa majonzi." Mwaka mzima nimenyamaza. Leo sinyamazi.

Kuipoza bendi lilikuwa wazo lake. Lake! Kinanda, wale dada watatu wa kuitikia, gitaa safi lisilokwaruza, muziki wa taratibu unaoingia moyoni, yote ni Oswin. Mimi ndiye niliyepinga, hadi siku moja nikatupa maiki chini.

Ilianza kwenye msiba wa mama yake. Nyumbani kwa wafiwa huwezi kufungulia amplifaya, kwa hiyo alichukua gitaa kavu akakaa nyuma ya kina mama waliokuwa wanaimba. Anapiga kidogo, anaacha. Akiacha, kina mama wanaingia. Nilikuwepo. Alipiga vizuri kuliko siku zote.

Tuliporudi akaniambia, "Shangazi, sisi tumekuwa tunafukia ngolo."

Kwa wasio Wamatengo, ngolo ni yale mashimo tunayochimba kwenye mashamba ya miteremko. Mahindi yanakaa kwenye matuta, shimo linaachwa wazi lishike maji. Ukilifukia ili upande zaidi, mvua itaondoka na shamba. "Tumepanda kila mahali," akasema. "Hatujaacha pa kushika maji."

Akaniomba nitangaze mimi hapa kwenye page, eti yeye mtamzomea. Nikakubali. Mkanitukana mkashiba. Yeye alikuwa ananisomea matusi yenu kwa sauti ya mhubiri, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Lakini mtu anachoka. Wiki mbili zilizopita, mbele ya bendi nzima, nikamwambia, "Aliyefiwa ni wewe, Oswin. Bendi haijafiwa."

Nilisema hivyo. Mimi, kwa kinywa changu.

 Alifuta nyuzi kwa kile kitambaa chake, akafunga gitaa kwenye mfuko, akaaga mtu mmoja mmoja kwa mkono. Na mimi alinipa mkono. Nikauachia haraka.

Jumapili akanitumia voice note. Gitaa peke yake. Noti chache, kimya, noti chache, kimya. Mwishoni anasema, "Shangazi, pale pa kimya ndipo pako. Ingia ukiwa tayari."

Nikanuna siku mbili nzima. Kiburi, jamani. Kiburi tu!

Leo saa mbili asubuhi, nimesimama jikoni, uji unafurika, nikaimba kwenye kila nafasi aliyoniachia. Nikamtumia. Nikamalizia, "Nisamehe mpwa wangu, ulikuwa sahihi." Ikaonyesha tiki moja. Nikajua yuko shambani, mtandao hakuna, akirudi atasikia.

Mpaka naandika hapa ni tiki moja.

Mnaokuja mazikoni kesho Kingerikiti, msije na spika. Na lile jina asilipigie mtu mayowe, nitamfukuza mwenyewe. Tutauimba huo wimbo wake kwa sauti tupu. Gitaa lake litakuwepo, na ole wake atakayeligusa.

Na wewe, Ozi. Uliniachia nafasi, nikachelewa. Sijui nitaishije na hilo.

Kesho nitaimba. Kila pale palipo na gitaa lako nitanyamaza, hata watu wakidhani nimesahau maneno. Hapo ni pako, sitapagusa.

Pumzika vizuri, mpwa wangu. Shangazi amekuelewa.