Vidole Vilivyolowa Maji

Harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakikaangwa kwa mawese bado inaniumiza, wala sioni haya kusema. Niliacha shule darasa la tatu, nikabeba mbao za watu, kisha nikauza zangu, na leo nina nyumba Ibanda yenye madirisha yanayotazama ziwa. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini harufu ile ikipita tu barazani, narudi Kadutu, kwenye nyumba yetu ya udongo pale mteremkoni, kiangazi kile cha vumbi nilipokuwa na miaka tisa.

Siku moja maman alikwenda shambani, Kavumu, akaniachia bugali na sambaza chini ya kifuniko. Akaingia Nsimire, binti wa jirani wa chini, niliyekuwa nachota naye maji kila asubuhi. Kwetu mgeni hakubali chakula mara ya kwanza, ataonekana mlafi. Anakataa, unauliza tena, anakataa, unamshika mkono unamketisha. Kila mtoto alilijua hilo.

"Karibu, tukule," nikamwambia.

"Nimeshakula, mimi niko bien."

Lakini mikono yake ilikuwa imeshatangulia. Aliichovya kwenye beseni la kunawia, akaitoa upesi, akaifuta kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni. Macho hayakubanduka kwenye sahani. Niliona. Nikisema sikuona nitakuwa mzee mwongo. "Ahaa, basi ni vizuri," nikasema, nikala peke yangu mpaka nikalamba sahani, naye akanisimulia habari za mbuzi wao aliyekata kamba, akicheka pasipo na kichekesho.

Maman aliporudi akauliza, "Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, maman. Alisema ameshakula."

"Na mikono yake ilikuwa wapi, fasi gani?"

Nikatazama beseni la kunawia.

"We mutoto! Kwao moto haujawaka tangu juzi. Masikio unayo, na macho yako iko ya kazi gani?"

Asubuhi nikatumwa kwao na bakuli la bugali moto. Mlango wao ulikuwa umefungwa kwa waya. Walikuwa wameondoka alfajiri kwenda Luberizi, kwa mjomba wao anayelima mpunga. Sikumwona tena.

Mjukuu wangu anayesoma université ananieleza kwamba ubongo hupokea maneno na uso kwa pamoja, na vikipingana lazima uchague cha kuamini. Sawa. Wangu ulichagua maneno kwa sababu sambaza walikuwa wachache. Hilo hakufundishwa, hilo nalijua mwenyewe.

Siku hizi mgeni akisema "merci, nimeshiba," watu wanaondoa sahani na kuona wamemheshimu. Mjukuu ananivuta shati mezani: "Koko, mwache, amesema hapana!" Simwachi. Natazama mikono, nauliza mara ya pili, ya tatu. Wengi wameshiba kweli, wananicheka. Wacheke. Swali la pili la kumuuliza Nsimire bado ninalo mdomoni, na sijui nyumba ya kulipeleka.