Mafuta, Si Poda

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, maana ndiyo siku mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alinikaripia nikakosa pa kuweka uso. Wewe umeniletea simu yako iliyopasuka kioo, unasema huwezi kujifunza kupiga picha mpaka upate kamera kubwa. Keti nikuambie.

Nilikuwa msichana wa kazi kwenye nyumba za matajiri Kitisuru, Nairobi, nikilala mtaa wa Kangemi. Kamera yangu ilikuwa ya plastiki, ya mtumba, haikujua hata kuvuta kitu karibu. Jirani yangu, Mama Nekesa, ndiye huyo muuza omena, aliniomba nimpige picha ampelekee mamake Bungoma. Mamake huyo alikuwa mgonjwa, macho yanafifia, na alitaka kumwona mwanawe kabla hayajazimika. Nikamsimamisha Mama Nekesa sokoni saa sita mchana, jua likiwa utosini, nikabonyeza.

Picha ilipotoka, aliigeuza-geuza.

"Hii ni picha ya nani? Naona meno na kitambaa. Mimi niko wapi?"

"Ni kamera, Mama Nekesa. Hii kamera si nzuri."

"Kamera umesema. Na wewe, uliniangalia?"

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Nikaipeleka picha hiyo kwa mwenye studio mmoja mjini, nikamwomba ushauri. Akacheka. "Huyu ni mweusi sana, dada. Mpake poda. Na wewe ununue kamera ya maana."

Lo! Mpaka leo nikikumbuka, damu inachemka. Mama anataka kumwona mwanawe, nimpelekee mtu wa poda? Nikaapa palepale kwamba sitampaka, na kamera ni hiyo hiyo.

Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo siku nyingi nilitembea na kamera tupu. Kila asubuhi, nikienda kazini kwa miguu, nilichungulia kwenye kidirisha chake: askari wa geti, fundi wa viatu, wanawake na vikapu vyao. Nilijiuliza, huyu nikimpiga akiwa hapa, uso utatoka au utazama gizani? Watu waliona nimerukwa na akili, nikawaacha waone. Jumapili nilipiga chache za kweli, na zikishasafishwa nilizikazia macho nijue nilipokosea. Polepole nikaelewa kwamba jua la mchana si rafiki, na kwamba uso mweusi unapenda mlango: mtu aketi ndani kidogo, atazame nje.

Asubuhi moja nikamketisha Mama Nekesa mlangoni kwake. Mapajani nikamtandikia gunia jeupe la unga, limrudishie mwanga chini ya kidevu. Badala ya poda, nikamwambia ajipake yale mafuta anayojipaka akienda kanisani. Ngozi ikang'aa. Sikumwambia acheke. Nilimwangalia tu mpaka akaisahau kamera, nikabonyeza mara moja.

Picha ikasafiri. Waliokuwepo walitusimulia kwamba yule mama mgonjwa aliisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye kovu dogo juu ya jicho, alilolipata mwanawe akiwa mdogo, alipoanguka jikoni. Akasema, "Ni yeye. Mweusi wangu." Hakutaka tena mtu yeyote aichukue mikononi mwake. Mama Nekesa aliposikia hayo, alilia, nami nikalia naye.

Kwa hiyo usiniletee habari za kioo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho toka na simu hiyo hiyo, piga uso mmoja, kesho kutwa mwingine, na usiku usilale kabla ya kuangalia ulipokosea. Wakikucheka, wacheke mpaka wachoke. Na atakayekuambia kwamba watu wako hawapendezi mpaka wapakwe rangi, mgeuzie mgongo, hata akiwa na kamera ya bei gani.

Mungu akupe jicho lisilochoka, mwanangu. Na kila utakayempiga picha, mamake amjue.