Profesa na Wingu Lisiloonekana

Pale chuo kikuu cha Groningen, Uholanzi, profesa wa elimu ya nyota alikuwa na dawa moja kwa kila galaksi. Nyota za pembezoni zikikimbia kuliko uzito unaoonekana unavyoruhusu, alichora wingu la maada isiyoonekana kuizunguka galaksi nzima, akalinenepesha kwa penseli mpaka hesabu ikakubali, kisha akapuliza vumbi la kifutio kwa madaha. Saa ya kahawa aligawa biskuti mojamoja, akafunga kopo pap! Hakuna kuongeza. Siku moja mwanafunzi wake, Sietske, alimletea galaksi ambayo nyota zake zilijiendea taratibu, sawasawa na uzito unaoonekana.

“Profesa, hii haina wingu.”

“Lilikuwepo, binti. Limenyang'anywa na galaksi jirani.”

“Huyo jirani mbona simwoni?”

“Ameshaondoka.” Wala hakupepesa macho. “Andika hivyo, ndipo nitie sahihi.”

Sietske akaandika, roho inamuuma, maana shahada yake ilikuwa mikononi mwa mzee huyo. Saa ya kahawa profesa akagawa, akafunga kopo, akageuka kuchukua maziwa. Kurudi, kisahani chake kitupu.

“Biskuti yangu iko wapi?”

“Ilikuwepo,” Sietske akasema, mashavu yamemtuna. “Imenyang'anywa na jirani, Profesa. Ameshaondoka.”